Meli alizozifuta

Hii ndo hotuba niliyoitoa jumamosi iliyopita hapa Hamburg kwenye ule mkusanyiko wetu, baada ya chakula, kuhusu mchoraji wa Kijerumani Caspar David Friedrich. Waliokosa wameniomba niiweke kwa maandishi, kwaiyo nimeiandika vile vile nilivyoongea, sijaipamba.

Wazee wangu shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na nyie vijana mliokaa kule karibu na mlango, habari za jioni. Nashukuru sana kupewa nafasi. Kesho asubuhi tunaenda wote kuangalia picha, na mwenyekiti wetu akaniambia kabla hatujaenda ni vizuri mtu mmoja asimame aeleze tunaenda kumwangalia nani, maana kuingia makumbusho bila kujua kitu ni kama kuingia msibani hujui aliyefariki ni nani, unakaa tu unaangalia watu. Basi nitajitahidi.

Tunaenda kumwona Caspar David Friedrich. Hata kama jina hujawahi kulisikia, picha yake moja lazima umeshaiona, ipo kwenye majalada ya vitabu, ipo kwenye matisheti, ipo kwenye simu za watoto wetu. Mtu kasimama juu ya mwamba, kavaa koti la kijani, fimbo mkononi, upepo unampeperusha nywele, katupa mgongo, na mbele yake ukungu mtupu umefunika kila kitu isipokuwa vilele vya mawe vinavyochomoza huku na huku. Ile picha aliichora mwaka 1818 hivi na ipo hapa hapa Hamburg, pale Kunsthalle, makumbusho ya sanaa, pua na mdomo na stesheni kuu, pale tunapopita kila siku tunakimbilia treni. Mi nimepita pale miaka sita sijawahi kuingia.

Aliyeniingiza ni bibi mmoja wa miaka 89 niliyekuwa namhudumia nyumbani kwake, kazi ya kulea wazee wengi wenu mnaijua. Siku moja akaniambia nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka Kunsthalle, hataki kuona kitu kingine chochote, anataka picha moja tu. Nikamsukuma. Tukafika, akaniambia nifunge breki, alafu akakaa kimya. Nusu saa nzima. Mi naangalia saa, nawaza dawa zake, nawaza basi la kurudia, yeye macho yapo kwenye picha tu hata hageuki. Mwisho na mimi nikaiangalia kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya, na ndo siku hiyo nikaanza kumfuatilia huyu mtu, nikasoma, nikaenda mpaka Berlin na Dresden kuona zake nyingine. Ile picha ya bibi, siyo hii ya mtu wa ukungu, nitairudia baadae, kwanza nimalize huu mgongo.

Kwetu sisi kumpa mtu mgongo ni dharau. Mtoto akikugeuzia mgongo unapoongea nae anapata kofi. Kwaiyo mara ya kwanza unaona picha za Friedrich unajiuliza huyu mzungu ana nini, mbona watu wake wote wametugeuzia migongo, wanaume wawili wanaangalia mwezi, migongo, mwanamke yupo dirishani, mgongo, mtu juu ya mwamba, mgongo. Nilikuja kumwelewa siku moja nipo msikitini, nipo safu ya tatu, mbele yangu migongo mitupu mpaka kwa imamu, na imamu mwenyewe katupa mgongo sote, na hakuna hata mmoja anayeona kadharauliwa, kwa sababu wote tumeelekea upande mmoja. Yule mtu wa Friedrich hajakugeuzia wewe, kaelekea kitu, na kakuachia nafasi nyuma yake na wewe uelekee hapo hapo. Angekugeukia ungeanza kumkagua yeye, sura yake, ndevu zake, kama ni mzuri au mbaya, na ukungu usingeuona.

Na mgongo unaongea jamani. Mi nimezaliwa Pangani, wavuvi. Mjomba wangu alikuwa akichelewa na ngalawa wakati wa kusi, mama alikuwa anashuka ufukweni anasimama, haongei, sisi watoto tupo nyuma yake kwenye mchanga, na hatukuhitaji kuona uso wake kujua hali ikoje. Tulikuwa tunasoma mabega. Jina lililoandikwa kwenye ile kanga yake limeshanitoka kichwani, lakini yale mabega chini ya kanga ninayo mpaka leo.

Sasa nije kwenye maisha yake. Huyu bwana alizaliwa tarehe 5 Septemba 1774 mji unaitwa Greifswald, kaskazini huko kwenye bahari ya Baltiki, na wakati ule sehemu ile ilikuwa chini ya mfalme wa Sweden ingawa watu wake ni Wajerumani. Baba yake alikuwa anatengeneza mishumaa na sabuni. Watoto kumi, yeye ni wa sita. Mwaka 1781 mama yake akafariki, mtoto hata miaka 7 hajafika, mwaka uliofuata dada yake mmoja, baadae na dada mwingine kwa homa. Lakini lililomkaa zaidi ni la Desemba 1787. Bahari ya kule na mito yake ikifika baridi inaganda, watu wanatembea juu yake, watoto wanateleza na kucheza. Caspar ana miaka 13, yupo kwenye barafu, mdogo wake Johann Christoffer yupo. Barafu ikapasuka, mdogo mtu akazama akafa. Inasimuliwa kwamba yule mdogo alizama wakati anajaribu kumwokoa kaka yake.

Tulie hapo kidogo. Sisi watu wa pwani tunajua bahari inachukua watu, tunaijua hiyo toka tumbo la mama. Lakini kuchukuliwa mdogo wako mbele ya macho yako, na wewe ndo ubaki, na watu wakuangalie mjini kwamba wewe ndo uliyebaki. Sisemi kila alichochora ni kwa sababu ya siku ile, wapo wanaosema hivo na mi naona wanarahisisha mno, mtu ana mambo mengi ndani. Ila huwezi kuziona picha zake za barafu ukasahau ile Desemba. Mi siwezi.

Akajifunza kuchora hapo hapo kwao kwa mwalimu wa chuo kikuu cha Greifswald anaitwa Quistorp, kuanzia 1794 akaenda Copenhagen chuo cha sanaa, miaka minne, alafu 1798 akahamia Dresden na hapo ndo akaishi mpaka kufa. Wakati ule mchoraji wa kueleweka lazima aende Italia, kwenye jua na magofu ya Warumi, asiyeenda Italia ni kama fundi asiye na cheti. Yeye hakwenda, na hakutaka. Alikuwa anarudi kwao Baltiki, kwenye kisiwa cha Rügen, kwenye magofu ya kanisa la watawa pale Eldena karibu na Greifswald, na huku Dresden anapanda milima ya mawe kando ya mto Elbe, anatembea kwa miguu na penseli na daftari. Anachora mti mmoja, mwamba mmoja, kwa umakini kabisa, anaandika tarehe. Alafu anarudi nyumbani, na picha anaitengenezea ndani. Yule mtu wa kwenye ukungu, ile milima ukiitafuta ilivyo pale hauipati sehemu yoyote, ni mawe ya sehemu mbalimbali aliyoyachora siku tofauti, kayakusanya yeye. Mwamba ni wa kweli, kilele ni cha kweli, lakini kukaa pamoja vile ni kazi yake.

Kesho kuna picha moja ndogo nawaombeni msiipite, hajaichora yeye, kaichora rafiki yake Georg Friedrich Kersting mwaka 1811, inamwonyesha Friedrich ndani ya studio yake anafanya kazi. Iangalieni ile studio. Hamna kitu! Kuta tupu, rula na vibao vya rangi vimetundikwa ukutani, kameza kadogo, kiti kimoja, na dirisha nusu yake ya chini limezibwa asione nje, mwanga unaingia kwa juu tu. Yani mtu anayeitwa mchoraji wa milima na bahari kaziba dirisha. Na kuna mtoto mmoja aliyekuwa anaingia mle kwa sababu baba yake alikuwa mchoraji na rafiki wa nyumba, Wilhelm von Kügelgen, alipokuwa mkubwa akaandika kwamba hata sanduku la rangi na chupa za mafuta na vitambaa vya kufutia Friedrich alivipeleka chumba cha pili, kwa sababu aliona vitu vya nje vinamvurugia picha iliyopo ndani.

Na mwenyewe aliliandika hilo, kwamba mchoraji asichore tu anachokiona mbele yake, achore pia anachokiona ndani yake, na kama haoni kitu ndani yake basi aache kuchora hata hicho kilichopo mbele. Pengine akasema fumba jicho lako la mwili ili kwanza uione picha kwa jicho la roho, alafu ulichokiona gizani ukitoe kwenye mwanga. Mi haya maneno nimeyaandika kwenye karatasi nimebandika jikoni.

Watu wa aina yake wanaitwa wa Romantiki, na hapa vijana wasidhani ni mambo ya mapenzi na maua ya siku ya wapendanao. Ilikuwa ni watu wa mwishoni mwa miaka ya 1700 na mwanzoni mwa 1800 waliosema akili peke yake haitoshi, kupima na kuhesabu hakutoshi, kuna hofu, kuna upweke, kuna Mungu, kuna usiku, na hivyo vyote vina haki ya kuongelewa. Na kule kwao ilikuwa wakati wa vita, Napoleon kapiga kila mahali, majeshi yanapita Dresden yanarudi. Wakati huo picha ya mandhari ilionekana ni kitu cha chini, pambo la ukutani, heshima yote ilikuwa kwa picha za manabii na wafalme na vita. Friedrich ndo akaja akachora mlima, miti ya misonobari, na msalaba mdogo juu ya mwamba, jua linazama kwa nyuma, akaitia kwenye fremu kubwa iliyochongwa kama ya altare, ile meza ya ibada ya kanisani. Krismasi ya 1808 akafungua studio yake watu waje waone.

Ikawa vita. Mhakiki mmoja, Basilius von Ramdohr, mtu mwenye cheo, mapema 1809 akaandika kwa hasira kwamba ni ujeuri kwa picha ya mandhari kujipenyeza kanisani na kutambaa mpaka juu ya altare. Marafiki wa Friedrich wakamjibu, wengine wakajibu majibu. Ukiisoma leo unaweza kuona ni ugomvi wa bure, lakini mi naona Ramdohr alielewa vizuri kabisa kilichofanyika ndo mana akakasirika. Mlima ulikuwa umepewa kazi ya mtakatifu.

Alafu sasa ndo ikaja ile ambayo nataka mwondoke nayo hapa leo, picha ya mtawa kando ya bahari. Hii haipo Hamburg, ipo Berlin, Alte Nationalgalerie, anayeweza aende. Ina upana wa sentimita 171 na urefu wa kwenda juu sentimita 110. Chini kabisa kuna kipande cha mchanga mweupe, juu yake bahari nyeusi, nyembamba kama utepe, na kote kulikobaki ni anga. Anga tu. Na pale kwenye mchanga kuna mtu mmoja, mdogo kama kidole, kavaa joho jeusi la kitawa, kasimama. Ndege weupe wachache wanaruka karibu yake. Basi. Wenzake Friedrich walikuwa wakichora bahari wanakuwekea meli, wanakuwekea wavuvi wanavuta nyavu, mti pembeni wa kupumzisha jicho, barabara ya kukuingiza kwenye picha. Huyu hajakuwekea hata pa kukanyaga.

Mwaka 1809 picha bado haijaisha, mama yake yule mtoto niliyemtaja, Marie Helene von Kügelgen, akaiona kule studio, akamwandikia rafiki yake barua analalamika, anasema hakuna dhoruba, hakuna jua, hakuna mwezi, hakuna radi, angalau basi radi ingemfariji, hata mashua moja hakuna wala meli, hata dude la baharini hakuna. Mi namwelewa kabisa huyu mama, ndo alichokiona.

Lakini sikilizeni. Miaka ya karibuni pale Berlin wataalamu waliichukua ile picha wakaisafisha na kuitengeneza, kazi ya miaka, ikarudi ukutani 2016, na walipoipiga kwa miale inayopenya chini ya rangi wakakuta meli. Zilikuwepo! Friedrich alizichora, na milingoti yake, upande huu na upande huu wa yule mtawa. Alafu akazifuta. Akapaka anga juu yake, akapaka bahari juu yake, akamwacha yule mtu peke yake.

Niliposoma hiyo nilikaa chini. Kwa sababu mi nilikuwa nadhani utupu ule ni mtu kachora kidogo kaacha, kama mtu aliyeishiwa. Kumbe aliufanyia kazi. Kila kitu cha kushikilia alikitengeneza kwa mkono wake alafu akakitoa kwa mkono wake, na kutoa ni kugumu kuliko kuweka, anayebisha ajaribu kuandika barua kwa mtu aliyefiwa, uone unaandika maneno mangapi na unabakiza mangapi. Meli kwenye bahari ile ingemaanisha kuna watu kule, kuna anayekuja, kuna habari. Mama yangu pale Pangani alikuwa anatafuta tanga moja tu, kitambaa kimoja cheupe kwenye mstari wa bahari, kwaiyo nikiambiwa mtu alichora matanga alafu akayafuta najua hasa amefuta nini.

Picha ikapelekwa Berlin kwenye maonyesho ya 1810 pamoja na nyingine ya gofu la kanisa kwenye msitu wa miti iliyopukutika, watawa wamebeba jeneza kwenye theluji. Heinrich von Kleist, mwandishi, akaandika kwamba ukiitazama ile ya bahari ni kama umekatwa kope za macho. Yani huwezi kufumba. Na mfalme wa Prussia akazinunua zote mbili, inasemekana mwanae, kijana wa miaka 15 hivi, ndo aliyemsukuma. Hapo Friedrich ndo akapanda, akawa mtu wa kuongelewa.

Watu wanapenda kusema alikuwa mtu wa huzuni tu, na kweli vipindi vya sonona alikuwa navyo, vizito. Ila Januari 1818, ana miaka 43, akaoa, bibi harusi Caroline Bommer miaka 24, na siku chache baadae akaandika barua kwa ndugu zake, barua nzuri sana ile, anasema ni jambo la ajabu mtu kuwa na mke, toka mimi imegeuka kuwa sisi mambo yamebadilika, tunakula zaidi, tunakunywa zaidi, tunalala zaidi, tunacheka zaidi, na hela inatumika zaidi. Wenye ndoa changa hapa naona mnatikisa vichwa. Wakapata watoto watatu. Na toka hapo wanawake wanaanza kuingia kwenye picha zake. Ile ya 1822, mwanamke dirishani, ni Caroline, gauni la kijani, mgongo tena, kainama kidogo anachungulia nje na pale nje mlingoti wa boti unapita juu, maana nyumba yao ilikuwa kando ya mto. Picha ndogo haifiki nusu mita, lakini unaweza kusikia mbao za sakafu.

Goethe nae, mshairi mkubwa wa Wajerumani, mwanzoni alimpenda, 1805 Friedrich alipata zawadi kwenye mashindano yake pale Weimar kwa michoro ya wino wa kahawia. Baadae 1816 akamwomba amchoree mawingu kwa ajili ya sayansi, kila aina ya wingu na jina lake. Friedrich akakataa. Alitaka wingu libaki wingu, asilifungie kwenye droo. Hawakuelewana tena.

Sasa nirudi kwa yule bibi yangu na ile nusu saa. Picha aliyotaka kuiona inaitwa Bahari ya Barafu, Friedrich aliichora 1823 na 1824, ipo Kunsthalle. Ukiingia inakuja kama lundo la mawe, mapande makubwa ya barafu yamevunjika yamesimama yanaelekea juu kama ncha za mikuki, ya mbele yana rangi ya udongo, njano na kahawia, machafu, ya nyuma yanakwenda bluu mpaka anga. Hakuna mtu. Kwenye ile ya mtawa alibaki angalau mtu mmoja, hapa hata huyo hayupo. Watu wengi wanaiangalia wanasema barafu nzuri, wanaondoka.

Angalia kulia. Pale katikati ya yale mapande, upande wa kulia, kuna kitu cheusi kimelala ubavu. Ni meli, nyuma ya meli, tezi yake, iliyobaki imeshamezwa. Ndogo! Barafu haijaisukuma kwa hasira, imejipandia tu taratibu kama inavyofanya siku zote na meli ikawa kati. Wakati ule Waingereza walikuwa wanatuma meli kaskazini kutafuta njia ya kupita kwenye barafu, safari za akina William Parry, magazeti yamejaa habari hizo. Friedrich hakuwahi kufika huko. Barafu yake aliitoa wapi? Kwenye mto Elbe, pale Dresden, baridi ya 1820 kwenda 1821 mto uliganda kisha ukapasuka, akatoka nje akachora mapande yake moja moja kwa rangi za mafuta, na michoro hiyo ipo pia Kunsthalle.

Mto Elbe, ndugu zangu. Huu huu. Maji yanatoka Dresden yanakuja mpaka hapa, yanapita bandarini pale ambapo nusu ya watu wa ukumbi huu wamewahi kufanya kazi, yanaingia baharini. Na mtoto aliyemwona mdogo wake akienda chini ya barafu ana miaka 13, sasa ana miaka arobaini na kitu, anasimama kando ya mto anachora barafu iliyopasuka, pande moja, kisha lingine, kwa utulivu. Safari hii meli hakuifuta. Aliiacha.

Haikununuliwa. Ile picha ilibaki bila mnunuzi mpaka anakufa. Jirani yake wa nyumba hiyo hiyo, mchoraji Johan Christian Dahl kutoka Norway, ndo alikuja kuichukua, na Kunsthalle wakaipata 1905. Mwaka 1824 Dresden walimpa cheo cha profesa lakini darasa la kufundisha uchoraji wa mandhari hawakumpa. Ladha za watu zilikuwa zimehama. Warusi walimsaidia sana, mshairi Vasily Zhukovsky alikuwa rafiki yake akawa anampelekea kazi kwenye nyumba ya mfalme wa Urusi, ndo mana picha zake nyingine zipo St Petersburg mpaka leo. Juni 1835 akapata kiharusi. Rangi za mafuta zikamshinda karibu kabisa, akarudi kwenye wino wa kahawia aliouanzia ujana wake. Akafariki tarehe 7 Mei 1840 hapo hapo Dresden, maskini, na wengi walikuwa wameshamsahau.

Miaka zaidi ya 50 akasahaulika hivo hivo, mpaka Mnorway mmoja, Andreas Aubert, akaanza kumwandika, na 1906 Berlin wakafanya maonyesho makubwa yakamrudisha. Mwaka 1931 jengo la maonyesho pale Munich likaungua na picha zake tisa zikateketea. Alafu wakaja Wanazi wakamtumia kwa propaganda zao, wakamfanya ni mtu wao, yeye keshakufa karibu miaka mia hawezi kujitetea, na hilo likamchafua jina kwa muda mrefu, yule bibi aliniambia shuleni kwao walikuwa wanabandikiwa picha zake ukutani na baada ya vita akakaa miaka mingi hataki kuziona. Bibi alikuja kurudi kwa Friedrich mwenyewe, taratibu, peke yake. Ndo maana ile nusu saa.

Bibi alifariki mwaka juzi. Sikumuuliza siku ile alikuwa anaona nini kwenye ile barafu, na yeye hakuniambia, alisema tu twende, nikafungua breki.

Kwaiyo kesho. Tunakutana saa nne kasoro robo asubuhi mbele ya Kunsthalle, wenye watoto njooni nao, wazee tutawashika mkono kwenye ngazi. Kwa Friedrich tutakwenda moja kwa moja kabla watu hawajajaa. Nawaombeni kitu kimoja, mbele ya Bahari ya Barafu tukae dakika kumi bila simu na bila kuongea, dakika kumi ni kidogo. Msiogope kuwapa mgongo walio nyuma yenu. Anayeiona ile meli asimwonyeshe mwenzake kwa kidole, amwache aitafute.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.